Vimeng'enya vya lisosomu: vinatulinda au vinatuuza?

Swali: Shikamoo Daktari. Chuoni tulifundishwa kwamba lisosomu ni jalala la seli, na kila kinachoingia humo husagwa na vimeng'enya kikaisha. Lakini kwenye semina tuliyofanyiwa hapa Bukoba baada ya mlipuko wa Marburg wa 2023, mtoa mada alisema virusi vya jamii hiyo, hasa Ebola, haviwezi kuingia kwenye seli bila vimeng'enya hivyohivyo. Sasa vinatulinda au vinatuuza? Na kama vinatuuza, kwa nini visizuiwe kwa dawa? Nasikia klorokwini ilikuwa inavizuia. (Muuguzi, Bukoba)

Jibu: Marahaba, Sista. Mtoa mada wenu alisema kweli, na chuoni nako hawakukudanganya, ila walikupa nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni hii: kwa upande wa kinga, vimeng'enya vya lisosomu vina faida kubwa pale vinapokata mahali fulani na kuishia hapo. Kinga hutumia kile kinachobaki baada ya ukataji huo. Ebola nayo inataka ikatwe kwa namna hiyohiyo, nusunusu.

Nianze na vifaa vyenyewe. Lisosomu ni vifuko vidogo vilivyozungushiwa utando. Mbelgiji Christian de Duve, huko Louvain, alivigundua bila kuvitafuta. Alikuwa akichunguza ini la panya ili aelewe kazi ya insulini, na kimeng'enya kimoja alichokipima kwa ajili ya kulinganisha tu kikawa kinampa namba ndogo kuliko alivyotarajia. Sampuli zikakaa kwenye friji siku tano, akapima tena, namba ikapanda. Kimeng'enya kilikuwepo muda wote, ila kilikuwa kimefungiwa, na utando ulipochakaa kikatoka. Mwaka 1955 akavitangaza vifuko hivyo kwa jina la lisosomu, na mwaka 1974 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na George Palade. Tangu siku ile tunajua kwamba usalama wa seli unategemea vimeng'enya hivi vikae ndani.

Vinavyokata protini humo ndani wengi wao huitwa kathepsini, na hutajwa kwa herufi: B, C, D, K, L, S na nyinginezo. Binadamu ana kathepsini 11 za kundi linalokata kwa kutumia sisteini, mojawapo ya asidi za amino zinazojenga protini, ukiacha D na E, A na G ambazo hukata kwa njia nyingine. Karibu zote hutengenezwa zikiwa na kifuniko kinachoziba sehemu ya kukatia, na kifuniko hicho huondolewa kwenye asidi. Ndani ya lisosomu pH, kipimo cha asidi ambacho namba yake hushuka asidi ikizidi, ni 4.5 hadi 5 hivi. Nje yake, kwenye maji ya seli, ni 7.2. Kwa hiyo kathepsini nyingi zikivuja hupoteza nguvu upesi, na hata zikibaki na nguvu kidogo hukutana na protini za sistatini zinazozikamata. Sistatini C unaifahamu, ndiyo inayopimwa kwenye damu kujua hali ya figo. Isipokuwa kathepsini S: hiyo hata kwenye pH ya kawaida inaendelea kukata, na hilo lina madhara yake kwenye magonjwa ya uvimbe wa ndani.

Sasa njoo kwenye kinga. Makrofaji na seli za dendriti, aina mbili za seli za kinga, zote humeza bakteria, lakini zikishameza, zinafanya mambo mawili tofauti. Makrofaji imejaa kathepsini, na ilichomeza hakikawii kuwa asidi za amino tupu. Seli ya dendriti ina vimeng'enya vichache mno ukilinganisha, tena huchelewesha asidi kupanda kwenye kifuko kilichomeza. Makrofaji inasaga, dendriti inakoboa. Na kinga inataka punje, haitaki unga. Inataka kipande cha protini chenye asidi za amino 13 hadi 25 hivi, kibebwe na molekuli za HLA za daraja la pili hadi juu ya seli, ili seli za CD4, aina ya seli T na zilezile mnazohesabu CTC, kliniki ya wenye VVU, zikione na kukitambua. Asidi ya amino iliyobaki peke yake haina habari yoyote ya adui. Iwe ya bakteria au ya sangara uliyekula jana, ni ileile.

Kuna jaribio ninalolipenda kuhusu jambo hili, kutoka maabara ya Ira Mellman pale Yale, lililochapishwa 2006. Walichukua protini moja, ribonyukliazi, katika sura mbili. Ya kwanza nzima. Ya pili imekatwa mahali pamoja tu, lakini vipande vimebaki vimeshikamana. Mpangilio wa asidi za amino ni uleule, na kipande ambacho seli T zingekitambua ni kilekile. Tofauti ilikuwa moja: ile iliyokatwa inasagika upesi zaidi kwenye lisosomu. Panya walipochanjwa, protini nzima, iliyo ngumu kusagika, ndiyo iliyoamsha seli T na kingamwili vizuri zaidi. Yaani ugumu wa protini kumeng'enywa ni sifa njema ya chanjo. Hili halimo kwenye vitabu vingi vya diploma, na lingefaa liwemo.

Chukua pia chanjo ya pepopunda mnayowachoma wajawazito kliniki. Mwaka 1998 kundi la Colin Watts, Dundee huko Uskoti, lilionyesha kwamba sumu ya pepopunda ikiingia kwenye lisosomu hufunguliwa na kimeng'enya kimoja chenye uchaguzi mkali, legumaini, ambacho hukata tu penye asidi ya amino iitwayo asparajini. Kikizuiwa, seli T huchelewa kupata vipande vyake. Lakini kimeng'enya hichohicho kina upande mwingine. Kundi lilelile baadaye lilionyesha kwamba legumaini hukata katikati ya kipande cha protini ya mielini, ile inayofunika neva. Kwenye tezi ya thaimasi, mahali ambapo seli T hufundishwa zisishambulie mwili wenyewe, kipande hicho kikiwa kimeshaharibiwa hakuna wa kuwaonyesha wanafunzi. Seli T zinazokichukia zinapita bila kuondolewa, na huenda hiyo ni mojawapo ya njia za kufikia ugonjwa wa neva wa skilirosisi nyingi (multiple sclerosis). Kukata kulekule kwa kimeng'enya kilekile: kwa pepopunda ni faida, kwa mielini ni hasara.

Na kathepsini S? Molekuli ya HLA ya daraja la pili huzaliwa ikiwa imezibwa na protini nyingine ili isibebe takataka njiani. Kizibo hicho hukatwa hatua kwa hatua, na kathepsini S ndiyo hukata hatua ya mwisho, ikaacha kipande kidogo ambacho molekuli nyingine, HLA-DM, hukiondoa ili kipande cha adui kikae mahali pake. Tena, ni kukata na kuacha.

Ukielewa hapo, TB haitakushangaza. Mwaka 1971 Armstrong na D'Arcy Hart, London, walitazama kwa darubini ya elektroni makrofaji zilizomeza vimelea vya kifua kikuu. Vimelea vilivyokufa vilifikishwa kwenye lisosomu kama kawaida. Vilivyo hai vilibaki kwenye kifuko chao, na lisosomu hazikuungana nacho. Leo tunajua baadhi ya mbinu zake. Kimelea hutoa protini iitwayo PtpA inayozuia pampu ya asidi isifungwe kwenye utando wa kifuko hicho, pH ikabaki kwenye 6 na kitu, na kathepsini zinazofika humo zinakuta hakuna asidi ya kuziamsha. Hapo kimelea kinapata mambo mawili kwa mpigo: hakisagwi, na vipande vyake havifiki kwa wingi kwenye HLA. Mgonjwa ana makrofaji zimejaa adui, na seli za CD4 zinapata habari kidogo na kwa kuchelewa. Kwa mwenye VVU, ambaye CD4 zenyewe ni chache, matokeo yake unayaona wodini.

Ebola ilikwenda njia ya pili. Badala ya kuikimbia lisosomu, inaitafuta. Kirusi kina ganda lenye miiba ya protini iitwayo GP, na kila mwiba umefunikwa na kofia nene ya sukari. Kofia hiyo inakificha kisionwe na kingamwili kikiwa kwenye damu. Seli inakimeza kizima, kifuko kinasafiri kuelekea lisosomu, asidi inapanda, kathepsini B na L zinakata kofia. Mwiba unaondolewa sehemu kubwa, kinabaki kipande chembamba kilichokuwa kimefichwa chini, na hicho ndicho kinachoshika mlango halisi: protini ya NPC1, ambayo kazi yake ya kila siku ni kusafirisha kolesteroli kutoka kwenye lisosomu. Kikishika, utando wa kirusi unaungana na utando wa kifuko, na jeni za kirusi zinamwagika ndani ya seli. Angalia kwamba kathepsini zingekata zaidi kidogo tu, kirusi kingekuwa chakula. Kimejengwa kwa namna ambayo kikikatwa nusu kinafunguka. Marburg nayo hupitia mlango huohuo wa NPC1.

Ugunduzi wa kathepsini kwenye Ebola ulitangazwa 2005, na wengi tukafikiri dawa ndiyo hiyo: zuia kathepsini B, kirusi kibaki na kofia yake. Kwenye seli za maabara ilifanya kazi. Kisha 2012 wakachukuliwa panya wasio na kathepsini B kabisa, na wengine wasio na L, wakaambukizwa Ebola. Waliugua kama wenzao. Kumbe ndani ya mwili wapo wakataji wengi, na akikosekana mmoja mwingine anashika kazi. NPC1 ni kinyume chake. Mlango ni mmoja, hauna mbadala.

Ndiyo sababu dawa iliyofaulu ilikuja hatua moja mbele ya kathepsini. Mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, Kongo, ya 1995 alitoa damu miaka mingi baadaye, na humo ikapatikana kingamwili ambayo leo inaitwa ansuvimabu. Kingamwili hii hukaa kwenye mwiba, inavumilia asidi na kathepsini, haitoki kofia inapokatwa, na kifuko kinapofika kwenye NPC1 yenyewe imeshakaa pale pa kushikia. Wenzenu wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, Kivu Kaskazini, waliijaribu kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019 katikati ya vita na mlipuko, wagonjwa 681 wakigawanywa kwenye dawa nne. Waliopata ansuvimabu walikufa asilimia 35. Waliopata mchanganyiko wa kingamwili wa kampuni ya Regeneron asilimia 33.5, waliopata ZMapp, iliyokuwa ikitegemewa kabla, karibu asilimia 50, wa remdesiviri asilimia 53. Jaribio lile, lililoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake, mimi nalihesabu miongoni mwa kazi bora za tiba zilizofanyika katika ukanda wetu. Ila zingatia: ansuvimabu ni ya Ebola ya aina ya Zaire peke yake. Haishiki Marburg, wala aina ya Sudan iliyoingia Uganda mwaka 2022.

Sasa klorokwini. Uliyosikia yana chembe ya ukweli. Klorokwini haimkamati kimeng'enya mwenyewe; inaharibu mazingira yake. Ni besi dhaifu, yaani kinyume cha asidi, inapita utando kirahisi ikiwa haina chaji, ikifika kwenye asidi inapata chaji na kushindwa kutoka. Inajazana humo, pH inapanda, na kathepsini zote zinalegea kwa pamoja. Kwenye kimelea cha malaria ilijazana kwa namna hiyohiyo ndani ya kifuko kinachomeng'enya himoglobini, ingawa pale kilichoua ni kuzuia masalia yenye sumu ya himoglobini yasigeuzwe kuwa fuwele. Tuliomezeshwa vidonge vile kabla Tanzania haijaviacha mwaka 2001 tunakumbuka uchungu wake na kuwasha kwake. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, bado ina kazi kwa wagonjwa wa lupus na baridi yabisi. Sababu mojawapo inatuhusu hapa: vipokezi vya TLR7 na TLR9, vinavyopiga kengele vikikutana na RNA au DNA ndani ya vifuko hivi, huhitaji kukatwa na kathepsini kwanza ndipo vifanye kazi. Kwa mgonjwa wa lupus kengele hizo zinalia bure, na dawa inazituliza.

Kwa virusi, hadithi ni nyingine. Klorokwini ilizuia Ebola kwenye seli za maabara. Nguruwe wa Guinea (guinea pig, wanyama wadogo wa maabara jamii ya panya) waliopewa dawa hiyo na kuambukizwa hawakukingwa. Kisha ikaja korona, na pengine unakumbuka jinsi vidonge vilivyoadimika madukani 2020. Kosa lilianzia kwenye aina ya seli zilizotumika. Majaribio ya mwanzo yalifanywa kwenye seli za Vero, zitokanazo na figo ya tumbili, ambazo karibu hazina kimeng'enya cha TMPRSS2. Kwenye seli hizo kirusi cha korona hakina budi kupitia ndani, kikatwe na kathepsini L, kwa hiyo ukipandisha pH umekifungia njia. Seli za njia zetu za hewa zina TMPRSS2 juu ya utando wake, na kirusi hukatwa hapohapo mlangoni bila kuiona asidi. Walipoijaribu dawa kwenye seli za mapafu ya binadamu, haikuzuia kitu. Jaribio la RECOVERY la Uingereza likamaliza ubishi: kati ya wagonjwa 1,561 waliopewa haidroksiklorokwini, asilimia 27 walikufa ndani ya siku 28, kati ya 3,155 waliopata huduma ya kawaida, asilimia 25. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa wa homa ya kuvuja damu akikuletea vidonge hivyo mfukoni, mkatalie. Havitazuia kirusi, na kwa dozi kubwa vinavuruga mapigo ya moyo. Kwa Marburg kinachookoa maisha kwa sasa ni maji mwilini, chumvi za damu zinazofuatiliwa kwa karibu, na huduma ya mapema.

Madhara ya kuvuja nitayapita haraka, maana hukuyauliza. Mchimbaji akivuta vumbi la silika, kama linalowasumbua wachimbaji wa Mirerani, makrofaji za mapafu humeza chembe zake na kushindwa kuzisaga. Utando wa lisosomu unapasuka, kathepsini B inamwagika, na mtambo wa NLRP3, kengele ya hatari ndani ya seli, unawaka na kutoa interlukini-1, kemikali inayochochea uvimbe, uvimbe usiokoma unafuata na hatimaye makovu. Fuwele za asidi ya yuriki za jongo nazo huuwasha mtambo huohuo. Kwenye kongosho, kathepsini B ikikutana na tripsinojeni ndani ya seli kabla ya wakati wake, huiamsha, na kongosho linaanza kujimeng'enya.

Tubaki kwenye swali lako la dawa. Kuzuia kathepsini moja kwa ugonjwa mmoja kumejaribiwa sana, na mara nyingi kumeshindikana. Kathepsini K ndiyo inayotafuna kolajeni ya mifupa. Kampuni ya Merck ilitengeneza kizuizi chake, odanakatibu, ikakijaribu kwa wanawake zaidi ya 16,000 waliokwisha koma hedhi na wenye mifupa dhaifu. Mivunjiko ilipungua kweli, lakini kiharusi kikaongezeka, na 2016 dawa ikaachwa. Vizuizi vya kathepsini S vilijaribiwa kwa ugonjwa wa Sjögren, unaokausha macho na mdomo, na nafuu iliyotarajiwa haikuonekana.

Iliyofaulu ilitokana na watoto wachache wenye ugonjwa adimu. Madaktari wawili wa Kifaransa, Papillon na Lefèvre, waliueleza mwaka 1924. Ngozi ya viganja na nyayo inakuwa nene na kupasuka. Meno ya utotoni yanaota kama kawaida, kisha fizi zinavimba, zinatoa usaha, na mtoto akifika miaka minne au mitano yameshatoka. Ya ukubwani nayo yanaondoka katika ujana. Mwaka 1999 jeni yake ikapatikana: kathepsini C. Kazi ya kathepsini C ni kuviamsha vimeng'enya vya silaha vya nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, kama elastazi, wakati seli hizo zinakomaa kwenye uboho. Bila hiyo, nyutrofili zinaingia kwenye damu zikiwa na silaha butu. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba wengi wa watoto hawa, ukiacha meno na ngozi, hawashambuliwi na maambukizi makali kama ungetarajia, ingawa baadhi yao hupata majipu ya ini. Hapo likaja wazo: kama mtu anaweza kuishi bila elastazi ya nyutrofili, basi mgonjwa ambaye elastazi hiyo inamla mapafu anaweza kupunguziwa.

Mgonjwa huyo ni mwenye brongkiektasia, njia za hewa zilizotanuka na kujaa makohozi, ambazo nyutrofili hukusanyika humo na kuziharibu zaidi. Dawa inaitwa brensokatibu, kidonge kimoja kwa siku. Katika jaribio la wagonjwa zaidi ya 1,700 kwa mwaka mzima, vipindi vya kuzidiwa vilipungua kwa karibu asilimia 20, na Agosti 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiidhinisha. Anayeitumia huangaliwa fizi na ngozi. Huku kwetu brongkiektasia nyingi ni za watu waliopona TB, wenye dozi iliyokamilika na makohozi safi, lakini wanarudi kliniki kila baada ya miezi michache wakikohoa. Ukiwa na mgonjwa wa namna hiyo, kabla ya kumwanzishia tena dawa za TB kwa kudhani imerudi, peleka makohozi yake kwenye GeneXpert, kipimo kinachotafuta jeni za kimelea cha TB, na mwombee picha ya kifua. Kumbuka tu kwamba GeneXpert inaweza kuonyesha masalia ya vimelea vilivyokufa kwa aliyetibiwa karibuni, kwa hiyo majibu yake yasomwe pamoja na historia yake na, inapowezekana, kuoteshwa kwa makohozi.